Ini na Mafuta ya Mkia

Kaka yangu Dulat aliondoka nyumbani akiwa hataki hata kunusa nyama ya farasi, akarudi anataka tulale kwenye hema la manyoya ya kondoo. Kati ya Dulat yule na huyu sijui ni yupi aliyetuchosha zaidi. Wa kwanza angalau alikuwa anajifungia chumbani kwake na muziki masikioni, hamsumbui mtu.

Yule wa kwanza alisema Kirusi tupu. Bibi yetu, alipokuwa hai, akimwita kwa Kikazakh yeye anajibu kwa Kirusi, na bibi, ambaye Kirusi chake kilikuwa cha kununulia mkate tu, anabaki kunitazama mimi nimtafsirie maneno ya mjukuu wake mwenyewe. Marafiki zake wakija, anamwomba Mama afunge mlango wa jikoni ili harufu ya soseji za farasi isitoke. Harusi za ndugu alikuwa haendi, anasema kelele zinamuumiza kichwa. Kisha akapata nafasi ya kusomea usafirishaji huko Poland. Tukamsindikiza stesheni hapa Shu, Mama akalia, Baba akakohoa kohoa, mimi nikabeba mabegi.

Huko ndiko alikoupatia Ukazakh. Alinieleza mwenyewe. Wiki ya kwanza mwenzake wa bweni alimuuliza kama yeye ni Mchina. Mwingine akamuuliza kama kwao vita vimekwisha. Mwalimu mmoja akamwita Mrusi, na Dulat, ambaye tangu akue hajawahi kuota ndoto kwa lugha nyingine ila Kirusi, akajikuta amesimama darasani anamjibu kwa ukali kwamba yeye si Mrusi. Halafu ukaja usiku wa mataifa pale chuoni, kila mwanafunzi avae vya kwao na apike vya kwao. Mkazakh katika jengo zima alikuwa yeye peke yake. Akaagiza joho la mapambo kwa mtandao, akajifunza kwenye simu wimbo mmoja wa dombra, kile kinanda chetu cha nyuzi mbili, akapika, akaimba. Wapolandi wakampigia makofi mpaka akatokwa na machozi. Mimi naamini kosa ni la yale makofi. Mtu akishapigiwa makofi kwa kuwa Mkazakh, hawezi tena kuwa Mkazakh kimyakimya kama sisi wengine.

Alirudi mwezi wa sita, joto limepamba moto, amevaa kofia ndefu ya manyoya mazito na jasho linamtiririka mpaka shingoni. Alianza na meza ya kulia. Akaibeba kwa nguvu zake zote, akaitupa bandani, akasema Mkazakh anakula chini. Mama ana goti lililopasuliwa mwaka jana. Kila baada ya chakula ilibidi mimi na Baba tumshike mabega huku na huku tumnyanyue, na yeye Dulat amekaa amekunja miguu, anarekodi. Siku ya tatu nilimkuta jikoni mchana anakula mayai akiwa amesimama dirishani, mkono mmoja kiunoni. Nikamuuliza vipi, mgongo? Akasema anatazama hali ya hewa.

Baada ya meza ikawa zamu ya maneno. Mama akisema neno moja la Kirusi, friji au soksi au chochote kile, Dulat anamkata kauli na kumpa neno la Kikazakh ambalo halijasikika hapa Shu tangu tuzaliwe. Mama alivumilia karibu wiki nzima. Siku moja akaweka mwiko chini, akamwambia, "Nimekuzaa kwa Kikazakh, nimekunyonyesha kwa Kikazakh, na nilikubembeleza unijibu kwa Kikazakh ukakataa. Leo unanifundisha mimi?" Dulat akasema kwa upole kwamba si kosa la Mama, ni kosa la historia. Mama akaokota mwiko wake akaendelea kukoroga, maana historia utaipiga wapi.

Baba naye alitakiwa akae wima kwenye zulia, ataje mababu zake mbele ya simu, tena arudie kwa sababu mara ya kwanza hakutaja kwa hisia. Baba yetu, Seitkali, ameendesha treni za makaa ya mawe maisha yake yote. Si mtu wa hisia mbele ya simu. Lakini alitaja, akarudia, hakubisha. Alikuwa anamtazama Dulat tu, kwa muda mrefu, kama unavyomtazama mtu aliyekuita kwa jina lako sokoni na wewe humkumbuki.

Mimi ningevumilia yote hayo. Mimi ni Kamshat, nafanya kazi kliniki ya mifugo, nimezoea wanyama wakaidi. Lakini mwaka huo na mimi nilikuwa nimepata nafasi. Nilikuwa naenda Hungaria kusomea udaktari wa mifugo, na tiketi ilikuwa tayari. Baba alichukua majira yote ya baridi kukubali. Alipokubali alisema Jumapili ya mwisho kabla sijaondoka atachinja kondoo, ataita wageni, na mwisho wa chakula atainua mikono aniombee dua ya safari. Kwetu mtu haondoki bila mikono ya baba kuinuliwa. Kupanda ndege ningeweza, hakuna polisi anayekagua dua pale uwanjani. Ila kukaa kule nisingeweza, najijua.

Dulat hakupenda. Yeye aliyekwenda, aliyepigiwa makofi, aliyejipatia taifa zima huko ughaibuni, alianza kumnong'oneza Baba kwamba wasichana ni tofauti, kwamba wakienda wanapotea, kwamba taifa linawahitaji mama zake nyumbani. Nilimwambia taifa lianze kwa kuosha sahani yake lenyewe. Akaniambia mimi bado nina akili ya kutawaliwa. Nilitamani kumchoma ile sindano tunayowachoma ng'ombe walale.

Wageni walioitwa walikuwa Mzee Tursyn na mkewe Zauresh, kutoka Taraz. Tursyn na Baba waliendesha treni pamoja tangu ujana, wameona mengi pamoja, wakikutana wanaweza kukaa kimya saa nzima na wote wawili wakaona wamezungumza sana. Shangazi Zauresh yeye anazungumza kwa niaba ya wote. Kwa miaka mingi alikuwa akinitania kwamba ananitaka niwe mkwe wake, na mimi nacheka, na Mama anacheka, na mambo yanaishia kwenye chai. Safari hii walikuja na mwana wao Mukhit, kijana mpole mwenye duka la matairi. Alikuja kwa sababu macho ya mzee hayaoni tena vizuri barabarani.

Asubuhi ile Baba alichinja kondoo mwenyewe. Mimi nikawa uani nasafisha utumbo, Mama amekwenda kutafuta malai kwa jirani. Dulat akaingia jikoni akasema leo ukarimu ataushughulikia yeye. Nikashukuru Mungu. Nilidhani amekuja kuosha vikombe.

Wageni wakafika, wakakalishwa ndani kabisa, mbali na mlango, kama inavyopasa. Shangazi Zauresh alitazama chumba kisicho na meza akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumeuza vyombo. Nikamwambia Dulat amerudi. Akasema, "Ahaa." Chai ikamiminwa, kumis, maziwa ya farasi yaliyochacha, ikamiminwa, mikate ya kukaanga ikazunguka. Tursyn akaniuliza Hungaria kuna treni. Nikamwambia zipo. Akaridhika, akamwambia Baba, "Basi hatapotea." Baba akatikisa kichwa kuafiki, na mimi moyo ukatulia. Nikajua dua yangu iko njiani.

Hapo ndipo Dulat alipoingia na sinia.

Alikuwa amevaa lile joho lake la Poland, bluu, nyuzi za dhahabu kila mahali. Juu ya sinia kulikuwa na ini la kondoo, limechemshwa na kukatwa vipande vyembamba, na juu ya kila kipande cha ini kuna kipande cheupe cha mafuta ya mkia. Pembeni bakuli la mtindi.

Kwetu ini na mafuta ya mkia haviandaliwi pamoja namna ile ila kwa jambo moja. Ni siku wazazi wa mvulana na wazazi wa msichana wamekubaliana, ndipo wanalishana kwa mkono, ini na mkia, na wakishameza wamekuwa wakwe. Kabla ya hapo ni maneno, na maneno yanaweza kurudishwa. Baada ya hapo anayevunja hulipa farasi na joho, na bado atasemwa mpaka wajukuu. Mtoto wa darasa la tatu hapa Shu anajua hivyo. Yule tu aliyekuwa hataki kwenda harusi za watu ndiye asiyejua.

Dulat akapiga goti mbele ya Tursyn. Akachukua ini na mafuta kwa vidole vyake, akasema kwa Kikazakh kile chake cha kwenye simu, "Mzee wetu mpendwa, pokea heshima ya nyumba hii." Akamtia mdomoni. Tursyn ni mtu mwenye adabu, mkono ukimjia na chakula anafungua mdomo. Alianza kutafuna, halafu akaacha kutafuna. Macho yakamwendea Baba. Dulat tayari alikuwa amehamia kwa Shangazi Zauresh, na yeye hakusita hata kidogo. Alikula, akameza, akashika kifua.

"Seitkali," akasema, na sauti yake ikatetemeka, "si ungetuambia mapema? Tungekuja tumejipanga."

Baba hakusema kitu. Nilimtazama, nikamtazama, nikamwomba kwa macho. Alikuwa ameshika bakuli la chai kwa mikono miwili, anatazama ndani yake. Nikasema moyoni ni adabu, ameona haya kuwaumbua wageni, anatafuta maneno. Shangazi Zauresh akavua hereni zake za fedha, akanivuta, akaning'iniza moja sikio hili na nyingine sikio lile, akanibusu kwenye paji la uso, akalia. Mukhit alikuwa amebeba mkate nusu njia kwenda mdomoni. Aliurudisha kwenye sahani polepole, kama mtu anayeweka bomu chini. Na Dulat, Mungu anisamehe, Dulat alikuwa anafurahi. Aliona machozi akadhani ni yaleyale ya Poland. Alitoa simu, akaanza kurekodi.

Nilimshika joho nikamkokota mpaka jikoni. Mama alitufuata, anajishikilia ukutani.

"Unajua ulichofanya?" nikamuuliza.

"Nimewakaribisha wageni. Kwani vibaya? Kule nililisha jengo zima."

"Umelisha jengo zima ini na mkia?"

"Ndiyo. Kwa mkono, mmoja mmoja. Walipenda kweli."

Mama akakaa kwenye ndoo ya unga iliyofunikwa, akashika kichwa. Kwa hiyo kaka yangu alikuwa ameshatuoza kwa nusu ya Poland na hakuna aliyetupa taarifa. Nikamweleza, kwa maneno machache, maana subira ilikuwa imekwisha, kile alichofanya na kile kilichoning'inia masikioni mwangu. Kwanza alicheka. Kisha akatoa simu akatafuta video aliyojifunzia pishi lile. Ilikuwa ni wazee wanacheka, wanalishana, na maandishi chini kwamba hivi ndivyo tunavyowapokea watu wa thamani kwetu. Aliitazama mpaka mwisho, akaitazama tena. Uso ukamwiva mpaka masikioni.

Nikadhani sasa atatoka akarekebishe. Ndivyo ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Dulat akaweka simu mfukoni, akanyoosha joho lake, akasema, "Lakini fikiria vizuri, Kamshat. Mukhit ni kijana mzuri. Ana kazi, anasema lugha yake. Labda imekuwa hivi kwa sababu."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ulikuwa unaondoka."

Sikumpiga. Nataka iandikwe mahali kwamba sikumpiga. Nilimwambia aende pale ndani, aseme neno moja tu, sikujua, na mambo yaishe. Akasema hawezi. Nikamuuliza kwa nini hawezi. Akasema nikimtaka aseme mbele ya watu kwamba hajui, yeye, baada ya yote haya, basi atabaki na nini? Mama alimtazama kwa huruma iliyonikera zaidi kuliko maneno yake. Mimi sikuwa na huruma ya kugawa. Aliyekuwa anaozeshwa ni mimi.

Nikatoka nje kupata hewa, nikamkuta Mukhit ameegemea gari lao, anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Nilimuuliza kama na yeye alijua lolote. Akasema, "Dada, mimi nilikuja kuendesha gari tu." Nikamwambia aingie basi amwambie mama yake. Akanitazama kama nimemwambia azuie treni kwa mkono. Nikarudi ndani.

Nilisimama kwenye mlango wa chumba cha wageni, nikamwita Baba. Alikuja ukumbini, akavuta mlango nyuma yake. Ndani Shangazi Zauresh alikuwa ameshaanza kuzungumzia mwezi wa kumi na jinsi hali ya hewa inavyokuwa nzuri kwa harusi.

"Baba," nikasema, "Dulat hakujua. Wewe unajua kwamba hakujua."

"Najua."

"Basi waambie. Unaona haya kitu gani? Ni rafiki yako. Atacheka."

"Angecheka, ndiyo."

"Sasa mbona umenyamaza?"

Baba alijiegemeza ukutani. Nilimwona mzee, na sikupenda kumwona hivyo, nikazidi kukasirika.

"Sikunyamaza kwa haya," akasema. "Nilipomwona Tursyn ametiwa ini mdomoni, nikasema moyoni, hivi ndivyo Mungu anavyonisaidia. Nilishakuahidi, siwezi kukukatalia. Nikasema basi safari na ikwame yenyewe."

Sikuamini masikio yangu. Nikamuuliza nimemkosea nini.

"Hujanikosea. Nilimpeleka mmoja, Kamshat. Alikuwa mjinga, mvivu, hataki kumjibu bibi yake, lakini alikuwa mwanangu, nikimsikia anakohoa najua anataka nini. Amerudi huyu wa kofia. Ananiambia nikae vipi nyumbani kwangu. Ananiuliza mababu zangu kama mtu wa televisheni. Simjui. Kila siku namtafuta yule mwingine, simwoni. Sasa na wewe uende, urudi na kitu kingine, mimi na mama yako tutabaki na nani?"

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Dulat alikuwa amesimama pale, na Mama nyuma yake. Alikuwa amesikia yote, ilionekana. Mimi bado nilikuwa na hasira, na hasira ikanisaidia kusema.

"Kwa hiyo kosa ni lake na adhabu ni yangu," nikamwambia Baba. "Yeye alikwenda akajitafuta huko, akarudi na haya mavazi, nami ndiye nifungwe mguu. Hata hujui mimi nitarudi vipi. Hujanipa hata nafasi ya kukuudhi."

Dulat alitupita bila kututazama, akafungua mlango wa chumba cha wageni, akaingia. Nikamfuata, maana kwa jinsi mambo yalivyokuwa yakienda siku ile, angeweza kwenda kuchukua mahari.

Alisimama katikati ya zulia. Hakupiga goti. Aliongea Kirusi, kile Kirusi chake cha mtoto wa Shu, haraka haraka, maneno yanagongana.

"Mzee Tursyn, Shangazi, mnisamehe. Mimi sikujua hii sahani ni ya nini. Niliona kwenye simu. Hakuna mtu hapa aliyeleta posa, Baba hajui chochote, Kamshat hajui chochote. Ni mimi. Nilidhani najua, sijui."

Tursyn alimtazama mkewe. Shangazi Zauresh akachukua kipande cha mkate, akakiangalia pande zote mbili.

"Nilijua, mwanangu," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hujui. Tangu ulipoingia. Mkwe gani analeta ini kabla nyama haijaiva? Nikasema moyoni, Zauresh, ukinyamaza umepata mke wa mwanao bure. Nikanyamaza." Akala ule mkate. "Nimejaribu. Mtanilaumu?"

Kwa hiyo katika nyumba ile nzima watu wazima wote walijua, na wote walinyamaza, kila mmoja kwa faida yake, na mimi nimetundikwa hereni kama mti wa sikukuu. Nilikosa hata pa kuanzia kukasirika. Nikaanza kuzivua hereni, na Shangazi akanipiga kofi dogo mkononi.

"Ziache. Sasa ni zawadi ya safari. Ukirudi huna mume, tutazungumza upya, na safari hiyo ini nitapika mimi."

Tursyn akasafisha koo. Baba alikuwa ameingia, amesimama nyuma yetu.

"Kwa haki, Seitkali," akasema Tursyn, "nimeshameza. Nina haki ya kukudai farasi."

"Farasi sina," akasema Baba. "Nina Mkazakh mmoja, huyo hapo. Mchukue."

Tursyn alicheka mpaka akashika mbavu. Shangazi akacheka, Mama akacheka kule mlangoni, hata Mukhit, aliyechungulia kuona kama ni salama kuingia, akacheka. Mimi nilicheka kidogo, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Dulat hakucheka. Alibaki amesimama na lile joho lake, mikono haijui pa kwenda, na kwa mara ya kwanza tangu arudi sikumwona kama kero. Nilimwona kama kaka yangu aliyevaa nguo iliyompwaya.

Nyama ikaiva, ikaletwa, ikaliwa. Dulat alinawisha wageni mikono, akapeleka sahani, hakurekodi kitu. Mwishoni Baba alifuta midomo, akanitazama, na mimi nikasogea mbele yake nikapiga magoti. Watu wote wakafungua viganja. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya sinia, maana sinia nilikuwa naweza kuikataa.

Baba aliinua mikono. Aliomba njia yangu iwe wazi, maradhi yanipite mbali, nikutane na watu wema. Aliomba kama anavyoomba siku zote, maneno ya babu yake, bila haraka. Kisha, kabla hajapitisha viganja usoni, akatulia kidogo.

"Nenda, Kamshat," akasema. "Soma. Ukitaka kubadilika badilika, mimi siwezi kukushika kutoka huku. Ila usirudi kunifundisha mimi ni nani."

Nikasema sitafanya hivyo. Tukapitisha viganja usoni, wote. Nilitaka kulia na sikutaka kulia mbele ya Shangazi Zauresh, angedhani nimebadili mawazo kuhusu Mukhit.

Dulat alikuwa bado amekaa pale karibu na mlango, mahali wanapokaa vijana wanaohudumu. Aliongea polepole, na sikumbuki tena ilikuwa kwa lugha gani.

"Na mimi, Baba? Mimi nilirudi. Nilipomaliza chuo nilipewa kazi nzuri kule, nikaiacha nikarudi. Nilitaka muone kwamba nimerudi."

Baba alimgeukia. Nilijiandaa kwa utani mwingine, lakini haukuja.

"Hujarudi bado, mwanangu," akasema. "Tunakungoja."

Mama akamsogezea bakuli la chai, akamwambia anywe kabla haijapoa.